Kupakua Faili Bila Kujulikana: Faida Yake na Mipaka Yake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wahitimu waliokusanyika shuleni, Dakawa)






Mada niliyopewa imeandikwa hivi: je, mtu aweza kupakua faili kutoka kwenye seva bila kujulikana yeye ni nani, na jambo hilo lina maana gani kwetu? Wengi wenu mnajua mada hii ilikotoka. Umoja wetu umekusudia kuanzisha maktaba ya faili kwa ajili ya shule: vitabu, mitihani ya zamani, vijitabu vya afya, na maelezo ya vyuo. Tulipojadili, baadhi yenu mlitaka kila anayepakua aandikishwe jina, kidato na namba ya simu. Wengine mkasema hapana. Mjadala ukawa mkali, tukauahirisha. Mimi kazi yangu ni mitambo ya kompyuta, kwa hiyo nikaambiwa nije na maelezo ya kitaalamu ili leo tuamue kwa kujua na si kwa kubahatisha.

Nitajitahidi kutumia maneno ya kawaida. Penye neno gumu nitalifafanua.

NANI ANAJUA UNASOMA NINI?

Seva ni kompyuta iliyo kama ghala. Imekaa mahali, pengine Dar es Salaam, pengine Ujerumani, inangoja watu wabishe hodi na kuomba faili. Ukiomba faili, lazima seva ijue ikupelekee wapi. Kwa hiyo ombi lako hubeba anwani ya mtandao uliyopewa na kampuni yako ya simu. Na kama ilivyo desturi ya ghala lolote, seva huandika daftari: anwani fulani, saa fulani, imechukua faili fulani. Daftari hilo huandikwa lenyewe, bila karani.

Huyo ni shahidi wa kwanza. Shahidi wa pili ni kampuni ya simu. Yeye huona kompyuta au simu yako imezungumza na ghala gani, hata kama hasomi mliyozungumza. Hapa kwetu laini za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole, kazi iliyoanza mwaka 2019 na kukazwa Januari 2020. Maana yake, kutoka kwenye anwani ya mtandao mpaka kwenye jina la mtu mwenye uso na wazazi, safari ni fupi. Shahidi wa tatu ni mwenye mtandao unaoutumia, kama ni ofisi, shule au hoteli.

Sasa mtu ataniuliza: kuna ubaya gani? Asiye na la kuficha anaogopa nini?

Nitajibu kwa jambo nililoliona. Miaka iliyopita nilifanya kazi katika ofisi moja, ambayo sitaitaja. Mkuu wa utawala aliagiza fundi atoe orodha ya yote yaliyopakuliwa na wafanyakazi katika mwezi mmoja, kwa sababu gharama za mtandao zilikuwa zimepanda. Orodha ikatolewa, ikapigwa chapa, ikaachwa mezani. Ndani yake lilikuwamo jina la mama mmoja wa masjala, na mbele ya jina lake vijitabu vitatu kuhusu ugonjwa mmoja ambao watu huusema kwa kunong'ona. Mama yule hakuwa mgonjwa. Aliyeugua alikuwa mwanawe. Alivisoma vijitabu hivyo wakati wa chakula cha mchana ili ajue namna ya kumtunza. Hadi jioni ofisi nzima ilikuwa na habari. Watu waliacha kunywa chai naye. Baada ya miezi miwili aliomba uhamisho.

Ndugu zangu, mama yule hakuwa ameiba wala kumdhulumu mtu. Alikuwa amesoma. Kwa hiyo mtu akisema asiye na la kuficha haogopi, mimi humuuliza: je, barua zako za daktari uko tayari tuzibandike kwenye mbao za matangazo? Kuwa na faragha si kuwa na hatia. Nyumba ina mlango, na wenye nyumba si wezi.

SOMO LA MAJIRANI ZETU WA ZAMANI

Jambo la kuficha njia ya habari si geni mahali hapa. Majengo haya tuliyosomea yana historia. Serikali yetu iliwapa ndugu zetu wa ANC ya Afrika Kusini ardhi kule Mazimbu mwaka 1977, na hapa Dakawa mwaka 1982. Walikaa nasi mpaka mwaka 1992 walipoikabidhi Tanzania makazi yote mawili. Wazee mliopo hapa mnakumbuka kwamba vijana wale wengi hawakutumia majina waliyopewa na wazazi wao. Walitumia majina ya kupanga. Si kwa sababu walikuwa wahalifu, bali kwa sababu jina la kweli, likiangukia mikononi mwa polisi wa makaburu, lingemletea taabu mama aliyeachwa Soweto au Port Elizabeth.

ANC hiyo hiyo ndiyo iliyoendesha mojawapo ya mitambo ya kwanza ya mawasiliano ya siri ya kompyuta inayohusu bara letu. Iliitwa Operesheni Vula. Mwaka 1988 Mac Maharaj na Siphiwe Nyanda waliingia Afrika Kusini kwa siri. Walihitaji kuwasiliana na Oliver Tambo aliyekuwa Lusaka. Kupiga simu moja kwa moja kutoka Afrika Kusini hadi makao ya ANC kungewafichua mara moja. Basi Tim Jenkin, aliyetoroka gereza la Pretoria mwaka 1979 na kuishi London, akatengeneza utaratibu. Ujumbe uliandikwa kwenye kompyuta ndogo, ukageuzwa kuwa fumbo kwa ufunguo uliokuwa kwenye disketi, kisha ukageuzwa kuwa milio na kunaswa kwenye kaseti. Mtu alikwenda kwenye kibanda cha simu, akapiga namba ya London, akaicheza ile kaseti kwenye mdomo wa simu. London ikaipokea, ikaifumbua, ikaipeleka Lusaka. Disketi zenye funguo ziliingizwa nchini na mhudumu wa ndege kutoka Uholanzi.

Angalieni mambo mawili. La kwanza, fumbo lilificha maneno, lakini London ilificha uhusiano. Aliyesikiliza simu za Johannesburg aliona mtu anapiga London, jambo la kawaida kabisa, hakuona Lusaka. La pili, mtambo ule haukuvunjwa na wataalamu wa mafumbo. Mwezi Julai 1990 polisi walipowakamata baadhi ya watu, walikuta disketi zenye maandishi yaliyokwisha kufumbuliwa. Njia ilikuwa imara. Kilichowaponza ni faili zilizobaki nyumbani bila kufungwa. Mambo hayo mawili yawekeni akilini, maana yatarudi.

KITUNGUU NA MAGANDA YAKE

Sasa nije kwenye mtambo wa leo. Unaitwa Tor. Wazo lake lilianza katikati ya miaka ya 1990 katika maabara ya utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani, kwa kazi ya Paul Syverson, Michael Reed na David Goldschlag. Roger Dingledine na Nick Mathewson wakashirikiana na Syverson kuutengeneza mtambo wenyewe, ukaanza kufanya kazi mwaka 2002. Tangu mwaka 2006 unasimamiwa na shirika lisilo la faida. Wavumbuzi waliuita njia ya kitunguu, na mtu yeyote aliyemenya kitunguu cha Soko la Chifu Kingalu ataelewa kwa nini.

Tuseme nipo hapa Dakawa na nataka kifurushi kutoka ghala lililoko Dar es Salaam, wala sitaki ghala lijue ni mimi, wala majirani wajue naagiza wapi. Naandika ombi langu. Nalitia katika bahasha iliyoandikwa jina la ghala. Bahasha hiyo naitia ndani ya nyingine, iliyoandikwa kwa mtu wa Chalinze. Hiyo naitia ndani ya ya tatu, iliyoandikwa kwa mtu wa Msamvu. Na hiyo naitia ndani ya ya nne, iliyoandikwa kwa mtu wa Dumila. Kila moja ya bahasha tatu za nje ina kufuli ambayo ni mwenye jina lake tu awezaye kuifungua.

Mtu wa Dumila anapokea kwangu. Anajua nimetuma, lakini akifungua anaona tu jina la Msamvu. Mtu wa Msamvu amepokea kutoka Dumila na anapeleka Chalinze. Mimi hanijui, ghala halijui. Mtu wa Chalinze anaona jina la ghala, anapeleka, lakini anajua tu kwamba mzigo umetoka Msamvu. Ghala linatoa kifurushi, nacho kinarudi kwa njia ile ile, kila mmoja akiongeza bahasha yake. Daftari la ghala litaandika: amekuja mtu wa Chalinze. Majirani zangu wa Dakawa watasema: amepeleka kitu Dumila. Hakuna hata mmoja anayejua ncha zote mbili.

Ndivyo Tor inavyofanya. Vituo vyake ni kompyuta elfu kadhaa duniani, zinazoendeshwa na watu na taasisi zinazojitolea. Kompyuta yako huchagua vitatu: cha kuingilia, cha kati na cha kutokea. Njia hubadilishwa mara kwa mara.

Wengi mmezoea VPN. Mwezi Oktoba 2020, wakati wa uchaguzi mkuu, Twitter na WhatsApp zilipozuiwa, watu walizikimbilia VPN kama wakimbiavyo mvua. Tofauti yake ni hii: VPN ni wakala mmoja tu. Yeye anakujua wewe, na anajua unakokwenda. Umemhamisha shahidi, hukumwondoa. Akiwa mwaminifu, vema. Akiuza daftari lake, umekwisha. Tor haikutaki umwamini mtu mmoja. Inagawa siri vipande, na kila mmoja anashika kipande kisichomfaa peke yake.

MAMBO YA FAILI ZENYEWE

Hapa sasa ndipo penye mada yetu hasa. Kusoma ukurasa ni kitu kimoja, kupakua faili ni kingine, na si kila njia ya kupakua inakubaliana na Tor.

Njia ya zamani ya kuchukua faili inaitwa FTP. Iliandikwa mwaka 1971 na Abhay Bhushan, kijana Mhindi aliyekuwa akisoma MIT huko Marekani. Ni utaratibu wa heshima, umefanya kazi kubwa. Lakini ulitungwa wakati watumiaji wa mtandao walikuwa wachache na wakifahamiana. Una kasoro mbili kwa mtu anayetaka faragha. Kwanza, hutumia laini mbili: moja ya kutoa amri, nyingine ya kupitisha mzigo. Katika utaratibu wake wa asili, seva ndiyo inayokupigia wewe ili ikupe mzigo. Sasa itakupigiaje kama haikujui? Ama itashindwa, ama programu yako itaitajia anwani yako halisi, na siri imekwisha. Upo utaratibu mwingine ambamo wewe ndiwe unayepiga laini zote mbili, na huo waweza kupita. Lakini kasoro ya pili inabaki: neno la siri na faili yenyewe hupita wazi, bila fumbo. Mwaka 2021 vivinjari vya Firefox na Chrome viliacha kabisa kuitumia FTP. Mkikuta seva bado inayo, tafuteni njia nyingine.

Kwa nini kupita wazi ni hatari? Mkumbukeni mtu wetu wa Chalinze. Yeye ndiye afunguaye bahasha ya mwisho. Kama barua iliyomo ndani haina fumbo lake yenyewe, ataisoma. Mwaka 2007 Msweden mmoja, Dan Egerstad, aliendesha vituo vichache vya kutokea, akanasa maneno ya siri ya barua pepe za balozi na ofisi za serikali za nchi mbalimbali. Hakuvunja kufuli yoyote. Watu wale walidhani Tor inafumba maneno yao mpaka mwisho wa safari, kumbe inaficha njia tu.

Na msomaji wa Chalinze aweza kufanya baya zaidi. Mwaka 2014 mtafiti Josh Pitts aligundua kituo cha kutokea kilichokuwa Urusi, kikitia sumu katika programu zilizopakuliwa bila fumbo. Mtu aliomba programu safi, seva ikatoa programu safi, lakini njiani ikapachikwa kirusi. Kituo hicho kikapigwa alama ya ubaya, lakini somo linabaki.

Kwa hiyo kanuni ni hizi. Pakua kwa anwani inayoanza na https, ambayo hufumba maneno kati yako na ghala lenyewe. Na ukishapakua programu, ihakikishe. Maghala ya kuaminika hutoa alama ya faili, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaotokana na faili nzima. Ikibadilishwa hata nukta moja, alama inabadilika yote. Wengine hutoa na saini. Mtu anayepokea gunia la mpunga bila kulipima asilaumu mzani.

Ipo na njia bora zaidi, nayo ni ghala lililomo ndani ya Tor yenyewe. Anwani yake huishia na neno onion, yaani kitunguu, na ina herufi na tarakimu 56 mbele yake. Hapo hakuna mtu wa Chalinze wa kutokea. Mteja anapita vituo vyake vitatu, ghala nalo linapita vyake vitatu, wanakutana katikati. Mteja hajui ghala liko wapi, ghala halijui mteja yuko wapi, na fumbo linakwenda mpaka mwisho. Msidhani ni mambo ya wahuni peke yao. Mradi wa Debian, unaotoa programu za kuendeshea kompyuta bure, ulifungua maghala ya namna hiyo mwaka 2016. BBC ilifungua mlango wake mwaka 2019. Yapo magazeti yanayotumia njia hiyo kupokea nyaraka kutoka kwa watu wanaofichua wizi wa mali ya umma.

PALE INAPOVUJA

Nisingekuwa mwaminifu kwenu kama ningesifu tu. Tor huvuja, na mara nyingi mvujishaji ni mtumiaji.

Kwanza, programu zinazogawana faili kati ya watu, zile ziitwazo torrent, hazifai. Zina tabia ya kutaja anwani yako halisi ndani ya ujumbe wenyewe. Mwaka 2010 watafiti wa taasisi ya INRIA ya Ufaransa walionyesha jinsi walivyowatambua maelfu ya watumiaji kwa kosa hilo. Tena zinavielemea vituo vinavyoendeshwa na watu wanaojitolea.

Pili, faili uliyokwisha kuipakua. Nyaraka nyingine, ukizifungua, hupiga simu kimya kimya kwenda kuchukua picha au maandishi mtandaoni, na simu hiyo haipiti Tor. Ifungue ukiwa umezima mtandao. Na faili ikibaki kwenye kompyuta ya ofisi au ya shule, ndiyo ile disketi ya Vula.

Tatu, jina lako. Ukipita njia ya siri kisha ukafika na kujiandikisha kwa jina la ubini na namba ya simu, umevaa barakoa halafu ukatoa kitambulisho.

Nne, uchache. Kampuni ya simu haioni unakwenda wapi, lakini inaona kwamba unatumia Tor. Desemba 2013 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard alituma vitisho vya bomu kwa njia ya Tor ili mtihani uahirishwe. Wachunguzi hawakuhitaji kuimenya Tor. Walitazama daftari la mtandao wa chuo, wakaona nani aliitumia Tor saa zile, wakamhoji, akakiri. Siri inataka umati. Mtu mmoja aliyevaa kanzu kati ya mia wenye suruali hajajificha.

Tano, haina nguvu mbele ya njia iliyokatwa. Ethiopia mwaka 2012 iliizuia Tor kwa mitambo inayochungulia mawasiliano, na yakatafutwa madaraja ya kupitia pembeni. Lakini madaraja ni pale penye mto. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchini kwetu, si VPN wala Tor iliyomfaa mtu. Uganda yalitokea hayo hayo Januari 2021.

Sita, ni pole pole. Mzigo unaozunguka vituo vitatu katika nchi tatu haufiki kama uendao moja kwa moja. Faili kubwa hutaka subira na bando la kutosha, na programu inayoweza kuendelea pale ilipokatikia.

SHERIA

Mimi si mwanasheria, lakini siwezi kuipita sehemu hii, hasa mbele ya vijana. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 zilifanya kuwa ni kosa kutoa, kumiliki au kusambaza programu inayowasaidia watu kupata maudhui yaliyokatazwa. Tarehe 13 Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa tangazo kwamba watu na makampuni yanayotumia VPN wajisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Kila mmoja wetu, kabla ya kuutia mtambo wa namna hii kwenye kompyuta yake, aulize sheria inasemaje siku hiyo. Asije akasema aliambiwa kwenye mkutano wa Dakawa.

Lakini upande wa pili nao una sheria. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Ibara ya 18 inalinda haki ya kutafuta na kupokea habari. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu akusanye zile tu zinazohitajika kwa kazi aliyoitaja, na azitunze. Hii ya mwisho, ndugu zangu, inatuhusu sisi moja kwa moja.

USHAURI WANGU KWA MKUTANO

Nawajua watakaosema: njia za siri ni kichaka cha wahalifu. Ni kweli wamo. Soko la dawa za kulevya lililoitwa Silk Road lilikaa ndani ya Tor kuanzia mwaka 2011 hadi lilipofungwa na polisi wa Marekani mwaka 2013. Sikatai. Lakini aliyekamatwa hakukamatwa kwa kuwa barabara zilifungwa. Alikamatwa kwa upelelezi wa kazi yake. Barabara ya Dodoma inayopita hapa mlangoni inapitisha mwizi na inapitisha mgonjwa. Hatukuing'oa lami.

Hata hivyo, jibu langu kwa mada ya Kamati huenda likawashangaza. Sipendekezi tuwafundishe wanafunzi kutumia Tor ili waifikie maktaba yetu. Kwa nini? Kwa sababu Tor ni dawa ya mtu ambaye ghala linamwandika na hana uwezo wa kulizuia. Sisi ndio wenye ghala. Badala ya kumfundisha mtoto ajifiche kutoka kwetu, sisi wenyewe tusimwandike.

Kwa hiyo naomba mkutano uamue mambo manne.

La kwanza, maktaba yetu iwe wazi, kwa anwani ya https, bila kumtaka mtu jina, kidato wala namba ya simu. Anayetaka mtihani wa fizikia wa miaka ya nyuma, achukue. Anayetaka kijitabu cha kifafa, cha kifua kikuu au cha uzazi, achukue vile vile, pasiwe na daftari la kutofautisha.

La pili, daftari ambalo seva hujiandikia lenyewe lipangwe lisihifadhi anwani za wasomaji. Fundi anaweza kulipanga kwa dakika chache. Tukitaka kujua kitabu gani kinapendwa, tuhesabu vitabu, tusihesabu watu.

La tatu, kila faili iwekewe alama yake ya uhakiki, nayo alama hiyo ibandikwe pia kwenye karatasi hapa shuleni, ili hata faili ikipita kutoka simu hadi simu mwanafunzi aweze kujua kama ni ile ile tuliyoiweka.

La nne, orodha za wahitimu, zenye simu na kazi za watu, zisiwekwe kwenye ghala hilo kabisa. Zikae mahali pengine, zimefungwa, na funguo ziwe kwa watu wawili. Tulisikia habari ya disketi za Durban. Tusizirudie hapa Dakawa.

Gharama ya mambo haya manne ni ndogo kuliko ile ya kuandikisha kila msomaji, kwa maana daftari ulilonalo lazima ulilinde, na daftari usilokuwa nalo halina mlinzi wala mwizi.

Kuna mzazi mmoja mahali fulani, labda Mvomero, labda Kilosa, ambaye mtoto wake anasoma hapa na usiku hujifunika shuka asome kwa simu ya kuazima jambo asiloweza kumwuliza mtu. Sitaki kulijua jambo hilo. Nataka tu alipate, alisome, aelewe, na kesho asubuhi akae darasani kama wenzake.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza sehemu yangu. Naomba wajumbe waulize maswali, kisha hoja zangu nne zipigiwe kura.